Takataka

Mtaa wetu unaitwa Katuba.
Siku nilipotoa tuba kanisani nikaibeba hadi nyumbani,
mdomo wake ukitazama juu kama karai linalongoja mvua,
watoto wa avenyu walishapata mzaha wao:
Ka-tuba! Ka-tuba! Tuba kadogo!
Si kadogo. Kilo kumi na moja.
Niliipima kwenye mizani ya Mama Nsenga, anapopimia makala.

Shaba yake, baba anasema, ilitoka hapa hapa,
na zinki yake Kipushi;
vilipanda treni vikiwa mawe,
vikarudi vimejikunja, vinang'aa,
vina pistoni nne na bei ambayo mawe hayakuwahi kuipata.
Baba hana ushahidi. Anapenda tu kusema.

Kazi yangu katika fanfari ni pum.
Pum, halafu kungoja, halafu pum.
Klarineti zinapanda ngazi mbili mbili,
mimi ni nguzo.
Mwalimu Kaumba aliniambia, kwa upendo kabisa:
"Mujinga, nyumba ikikimbia, wenyewe watalala wapi?"

(Msicheke jina. Kwetu ni la mtoto aliyezaliwa
kitovu kimemzunguka shingo.
Pumzi yangu ya kwanza niliidai.)

Basi nikaiba karatasi ya klarineti.
Polka ya harusi, nyeusi kwa noti
kama sukari iliyoachwa mezani ikavamiwa na sisimizi.
Nikaishusha kule chini
ambako pumzi inaisha kabla sentensi haijaanza.

Ulimi mmoja hautoshi.
Lazima ugonge mbele na nyuma, kwenye meno na kooni:
ta-ka, ta-ka, ta-ka, ta-ka.
Nilifanya mazoezi bila tuba, nikisonga bukari,
nikisukwa nywele, kwenye foleni ya maji,
ta-ka-ta-ka-ta-ka-ta-ka,
mpaka jirani akauliza kupitia ukutani:
"Takataka gani tena, dada? Si jana nilizitupa?"

Haraka haraka haina baraka, najua, najua.
Lakini nani alimkataza kiboko kukimbia?
Muulize aliyewahi kufukuzwa naye,
kama bado yupo wa kuulizwa.

Mwanzoni yalikuwa matope.
Kule chini noti hazipendi kuachana,
zinashikana mabega kama walevi wanaosindikizana.
Nikapunguza mwendo. Nikapunguza tena.
Mama Nsenga hutwanga sombe saa kumi; mchi wake ukawa saa yangu.
Noti moja kwa kila pigo. Wiki mbili.
Noti mbili. Mvua zikaanza.
Noti nne, na pistoni ya tatu ikakwama, nikaitia mafuta ya cherehani,
nne kwa pigo na mchi nao umechangamka, sijui nani anamkimbiza nani,
vidole, ulimi, tumbo, takatakatakataka,
bati la choo linatetema, kuku anahama ua,
kijana anayeosha pikipiki anainua kichwa
akidhani imejiwasha yenyewe

na baba yuko kwenye kiti chake cha plastiki.
Miaka ishirini na sita kando ya mtambo wa kusaga mawe
ilimwachia pensheni ya karatasi na masikio ya mbao.
Tarumbeta haisikii. Radi anaiona tu.
Aliweka kiganja mgongoni mwa tuba,
pale shaba inapopanuka,
akafumba macho.

Nilimaliza nikiona nyota mchana,
midomo imekufa ganzi, kama nimeiazima.
Hakuondoa mkono.
"Pale katikati," alisema, kwa sauti kubwa ya wasiosikia,
"umeruka moja."

Kweli nilikuwa nimeruka moja.

Nikafungua kifuniko, nikamwaga maji ya pumzi mchangani,
nikamwomba Mama Nsenga atafute majani mengine.