Sifuri ya Mlango

Nilishuka treni Kigoma na madodoso sitini,
kipimo cha mita nne, chekundu na cheupe,
na barua ya chuo yenye mhuri.
Mtendaji wa mtaa, Kibirizi, aliisoma mara mbili
kisha akaniuliza kama nimekuja na gambuti.

Mhojiwa namba ishirini na saba
alikuwa akigeuza dagaa juu ya chanja.
Nikamsomea swali la tisa:
Je, katika miaka mitano iliyopita
maji ya ziwa yamewahi kuingia nyumbani kwako?
Ndiyo. Hapana. Sijui.
Mama Bukuru alicheka hadi akashika kiuno.
“Andika hivi, mwanangu: maji yako nyumbani.
Mimi ndiye niliyetoka.”

Jioni akanipandisha Gungu.
Nyumba mpya, matofali hayajaonja lipu,
na mlango mzee kuliko kuta zake.
Mninga. Waliung'oa usiku ule
wakaubeba watu wanne gizani,
kwanza mlango, godoro baadaye.

Ubaoni kulikuwa na mistari.
Ilichorwa kwa mkaa, ikakaziwa kwa msumari,
maana maji, alisema, hufuta ushahidi wao.

Nikatoa futi. Mistari kumi na mmoja.
Hakuna tarehe hata moja.
Yeye akaisoma kwa kidole,
kama mtu anayepapasa kovu la mwanawe:
“Huu ni masika ya msiba wa shemeji.
Huu, wiki msikiti ulipoanika mikeka.
Huu si maji. Huu ni Butoyi,
alipotoka kuugua surua.
Na huu hapa ni Butoyi tena, mwaka uliofuata.”
Kati ya mistari miwili haukupita hata ukucha.
“Mwaka ule mtoto hakukua.
Ziwa ndilo lililokua.”

Nilifuta jedwali, nikachora jingine:
maji sita, Bukuru watatu, Butoyi wawili.

Usiku, nyumba ya wageni, mtandao ukishika na kuachia,
nikamtumia picha msimamizi wangu, Dakta Mhangwa.
Jibu likaja saa nne, fupi kama kawaida yake:
Sifuri yako iko wapi?
Mistari bila sifuri ni mapambo.

Ni kweli. Mlango ulipanda kilima.
Kizingiti kilibaki.

Asubuhi pacha walinishika mkono, mmoja kila upande,
tukaingia majini pale palipokuwa na uchochoro.
“Hapa duka la mafuta ya mawese,” Bukuru alisema.
“Hapa choo, zunguka,” Butoyi alisema.
Maji yalinifika mbavuni, Butoyi mabegani.
Mgebuka wadogo walipita tulipopita sisi,
bila haraka, kama majirani.

Nilipapasa kwa mguu. Mchanga, bati, mchanga.
Kisha kidole gumba kikagonga saruji,
ukingo ulionyooka, uliolika katikati
na nyayo za miaka.
Nikasimamisha kipimo.
Kabla sijasoma, Butoyi akanivuta shati:
“Hujabisha hodi.”

Nikabisha, mtu mzima, mwanafunzi wa shahada ya pili,
katikati ya ziwa:
Hodi.
Bukuru akaitikia kwa sauti ya mama yake.
Mita moja na sentimita kumi na tisa.

Tuliporudi, Mama Bukuru hakuuliza namba.
Aliuliza kama kizingiti kimepasuka.
Nikamwambia hapana.
Akageuza dagaa, safu nzima, bila kuniangalia.
“Kabla yako walikuja wawili, nao walipima,
nao walikuwa na adabu. Wakaaga.
Mpaka leo sijui walichokiona.”

Sikuwa na kisanduku cha jibu hilo.
Nikalala Gungu siku mbili zaidi
na kwa msumari wake, chini kabisa ya mlango,
hatujui kama patatosha,
nikaandika tarehe, namba,
na jina langu, ili ajue wa kumdai.