Nguruzi

Mashua niliinunua kwa Gudveig, mjane wa Eilert:
futi kumi na nne, rangi ya ubavu wa kushoto imebambuka,
injini ya nguvu za farasi tisa, inakohoa ikiguswa.
Tulipeana mikono bandani, penye harufu ya lami na panya,
kisha akaingia ndani, akarudi na kitu kiganjani:
kiziba cha mpira, kimefungwa uzi mwekundu.
"Nguruzi," akasema. "Usipoiziba, mengine yote ni mapambo."

Nina miaka hamsini na sita. Nimepika uji wa shule
miaka thelathini hapa Helgeland, nikiwatazama dirishani
wenzangu wakitoka alfajiri kuvua sei.
Kasia sikuwahi kulishika ila kwa kupigwa picha.

Binti yangu Ragnhild akapiga simu kutoka Bodø:
"Mama, umenunua jeneza lenye injini."
Sikumjibu. Nilikuwa dukani, naandika nyuma ya bahasha.

Jaketi la kuokolea, la bei ile iliyoniuma,
si lile la sandukuni, lililolika na nondo.
Nanga ya kilo sita. Mnyororo. Kamba mita mia,
maana kamba fupi ni ahadi ya mlevi.
Upo wa kufulia maji, na ndoo juu yake:
maji ya kifuu ni bahari ya chungu,
na mimi nilikwisha kujipima, ni chungu.
Fataki za ishara. Torstein muuzaji akageuza boksi,
tarehe imepita; akalisukuma chini ya kaunta kwa mguu,
akaleta jipya, shingo imemwiva.
Redio. Filimbi. Dira isiyoomba betri.
Makasia mawili, na la tatu,
kwa kuwa injini haina haya.
Mshipi, ndoana na chubwi vikaja mwisho,
vikawa rahisi kuliko vyote. Nikacheka peke yangu.

Jumamosi, kabla sijavua hata mkia,
nilijitupa majini kwa makusudi, pale gatini,
na sweta na buti na kila kitu.
Gudveig kasimama juu, taulo begani, macho kwenye saa.

Baridi ilinipokonya jina.
Jaketi likafoka, likavimba,
likanishika kidevu kama mkunga.
Vyema. Sasa panda.

Sikuweza.

Ukingo ule, ambao nchi kavu
ulinifika gotini, ulikuwa ukuta wa kanisa.
Nikajaribu mara tatu. Mikono ikawa ya mtu mwingine.
"Dakika nne," akasema Gudveig,
na sauti yake ikakatika hapo, kwenye nne.

Jikoni, vikombe vikitetemeka (changu na chake),
akanieleza. Haikuwa dhoruba.
Bahari ilikuwa shwari kama sahani.
Walimkuta Eilert ubavuni, kamba imemzunguka mkono,
kucha zake zimejaa rangi ya buluu.
"Nilikwambia nguruzi," akasema,
"kwa sababu hilo lingine halikunitoka."

Kwenye bahasha sikuwa nimeandika ngazi.

Tuliisuka usiku uleule juu ya meza ya chakula,
kamba nene, vitanzi vitatu, cha chini kina jiwe
kizame, mguu ukipapase na kukipata.
Gudveig alikaza mafundo kwa meno.
Tukaifunga tezi, mwisho wake ukining'inia
mahali mtu aliye majini anaweza kuufikia.

Jumamosi iliyofuata nikajitupa tena.
Sekunde arobaini. Hakuniambia kitu,
alinipa taulo tu, akaenda kutafuta brashi.
Ubavu wa kushoto aliupaka mwenyewe, mara mbili.
Wa kulia akaniachia.

Leo nimevua sei wawili. Mmoja nimemrudisha, mdogo mno.
Nguruzi niliigusa mara tisa kabla ya kung'oa nanga,
na niliporudi, gatini palikuwa na mtu
anayeitazama saa, anayejifanya amekuja kulisha shakwe.