Yasiyoingia kwenye Taarifa

Taarifa ya safari nimeshaiandika, kurasa mbili, na muhuri juu:
tulitoka Ukerewe watu kumi na mmoja,
tukafika Igoda, Mufindi, tarehe nne mwezi wa saba,
tukahubiri siku tisa, tukarudi salama.
Mhasibu ameipitia. Nauli zimemridhisha.

Sikuandika
kwamba tulishuka na mikono mifupi, kwaya nzima,
sare ya satini rangi ya samli,
na baridi ikatupokea pale pale barabarani
kama mgambo anayedai mchango.

Usiku ule Mzee Masatu alivaa vyote alivyobeba:
suruali tatu, joho juu yake,
soksi mikononi.
Akapiga magoti kusali, akashindwa kuinuka.
Tulimnyanyua kama gunia la mihogo,
naye bado anasema amina.

Asubuhi mwenyeji wetu, Mama Chengula, akamsalimu:
"Kamwene!"
Mzee akatafuta kofia. "Nikamwone nani?"
"Kamwene," mama akarudia, anatabasamu.
"Naenda, mama, naenda. Nielekezeni tu nyumba."
Akazunguka kijiji. Kila mlango kamwene,
kila njia panda kamwene,
hata mlinzi wa kiwanda cha chai, kamwene.
Saa nne akarudi, kakaa juu ya kuni:
"Mtu huyo kila mmoja ananituma kwake,
na hakuna anayejua anakoishi."

Jikoni Nyanjige aliona panya wanene, hawana mikia,
wamejipanga kando ya mafiga wakitafuna majani.
Akapanda juu ya kinu akawakemea kwa jina la Yesu.
Hawakutoka.
Mmoja alimtazama, akaendelea na jani lake.
"Ni simbilisi hao," akasema kitukuu cha nyumba. "Ni mboga."
Nyanjige akatangaza kwamba amefunga, siku tatu.
Jioni, chungu kilipoanza kunukia kitunguu,
mfungo ulisitishwa kwa kura moja,
yake.

Na dagaa wetu, debe mbili, zawadi kutoka ziwani!
Walipokelewa kwa vigelegele,
wakawekwa nje, mbali kidogo na nyumba,
kisha mbali zaidi.
Ibada ya jioni hiyo paka wa vitongoji vyote walihudhuria,
na ndio waliokaa hadi mwisho.

Siku ya tano Mwinjilisti Majura aliamka kabla ya jogoo.
Ukungu ulikuwa mzito, unaweza kuukunja.
Akasimama kwenye tuta, akaona umati mbele yake,
vichwa sawasawa, kimya, watu wa adabu.
"Bwana asifiwe!" Kimya.
Akawahubiria toba nusu saa, machozi yakamtoka,
akaomba walioguswa wanyooshe mikono.
Jua lilipochungulia
alikuwa mbele ya ekari sita za chai,
na wachumaji wanne wenye vikapu mgongoni
waliokuwa wamengoja amalize
kwa sababu alisimama kwenye mstari wao.
Mmoja alinyoosha mkono. Alikuwa anaomba njia.
(Kwenye taarifa: "waliohudhuria, wengi.")

Mtoto wa darasa la pili, Atuganile,
aliniuliza huku akimenya kiazi:
"Huko kisiwani mama akitaka kukuchapa,
unakimbilia wapi?"
Nina cheti cha theolojia. Nilikaa nacho kimya.
Nikamwambia tunazunguka.
"Mnazunguka?"
Tunazunguka, mwanangu, hadi mama achoke.
Alinipa nusu ya kiazi, kwa huruma.

Alfajiri ya kuondoka nilitoka na ndoo.
Maji yalikuwa na kioo juu, nikakivunja kwa kisigino.
Bonde lote lilikuwa limejaa weupe hadi ukingoni,
na vilele vimechomoza humo, kimoja hapa,
kingine kule mbali, na mkaratusi mmoja kama mlingoti.
Koo likanibana. Siku tisa sikuwa nimepakumbuka nyumbani
kwa jinsi ile.
Mzee Masatu akaja akasimama kando yangu,
soksi mikononi,
akatazama kushoto, akatazama kulia:
"Kivuko kinapita saa ngapi?"

Hilo nalo sikuliandika.
Mhasibu angedai risiti.