Kitabu cha Wageni

Chuo kikuu kimekipaka rangi kiwanda cha nguo, Walukuba.
Vioo palipokuwa mabati,
na mlangoni kijana, kitambulisho shingoni:
"Karibu mama. Jiandikishe kwanza."

Jina: Nangobi Topista.
Simu: naitaja tarakimu mbili mbili.
Shughuli: nafungua leso, namwonyesha
kijigurudumu cha cherehani, meno matatu yamekatika.
Nimesikia humu wanachonga vipuri,
bure hadi Ijumaa.

Nyuma yake meza ndefu, ya yeyote:
huyu na nyaya zake, yule amelalia kompyuta,
na kimashine kinatema uzi wa plastiki
tabaka juu ya tabaka,
kimya.

Kimya ndicho kilichonishtua.
Humu ilinguruma mitambo mia mbili,
tukisemezana kwa midomo na vidole,
jioni tukipenga pamba.
Kisha siku moja, kufuli.

"Bado safu moja, mama.
Taasisi unayotoka?"

Natazama chini. Saruji wameisugua, inang'aa,
ila chini ya meza yake yamebaki
matundu manne ya bolti.
Mtambo namba sitini na tatu. Napajua
hata nikifumba macho.

Nashika kalamu.
Naandika: Hapa.