Ripoti ya Mwaka

Wiki ya tatu jua halijachomoza Tromsø,
nami karani wa kitivo cha sheria
nachapa mafanikio ya mwaka.

Profesa Hanssveen: kitabu cha bima ya meli,
kurasa mia tisa na tatu, jalada gumu.
Dokta Iselin Brattbakk: nishani, na picha
akipeana mkono na waziri, kafumba macho.
Mhadhiri fulani kahojiwa redioni dakika nne,
akaniandikia mara sita nisije nikasahau.

Imebaki safu ya Inga-Ristin Somby.
Nchi nzima yajua alivyoshinda kesi ya malisho,
wafugaji wa kulungu wa theluji dhidi ya kampuni ya upepo.
(Kashinda. Mapanga yangali yanazunguka mlimani.)
Fomu yake imerudi na sentensi moja, kwa penseli:

"Nimejifunza kusoma masikio."

Nikampigia simu. Akacheka, akanieleza:
kwao hati ya umiliki hukatwa kwa kisu
sikioni mwa ndama, mkato hapa, pengo pale,
na shahidi wake, Elle Márjá,
aliyenyamazishwa kortini kwa kukosa karatasi,
husoma kundi likipita mbio, jina kwa jina:
shangazi, mkwe, mtoto aliyezaliwa juzi.

Nikatafuta kisanduku cha kulitia jambo hilo.
Machapisho, hapana. Tuzo, hapana. Ruzuku, hapana.

Sikio halipiti kichwa, najua.
Lakini vidole vinavyochapa ni vyangu;
nimelitanguliza, ukurasa wa kwanza,
juu ya jina la Mkuu wa Kitivo.