Meza ya Picha, Akron, Saa Tano Usiku

Picha mia mbili na kumi na nne za mtu mmoja
zimetanda kwenye kioo mbele yangu,
na saa tano na nusu mtambo unaanza kula karatasi.

Seneta Alonzo Purifoy, ukumbi wa wafanyakazi wa matairi.
Katika nyingi anacheka.
Anafuta miwani kwa ncha ya tai.
Anamwinamia mwanamke wa kiti cha magurudumu,
sikio karibu na mdomo wake.
Katika moja tu, kufumba na kufumbua,
alipokuwa akitamka neno "kazi",
kinywa ki wazi, meno nje, kidole juu,
mishipa ya shingo imesimama.

Gorecki anapita nyuma yangu na kahawa iliyopoa.
"Hiyo," anasema. "Hiyo ina uhai."

Sikatai, ina uhai.
Juzi Gavana Hutchens naye alipanua kinywa,
naye alinyoosha kidole,
meza ni hii hii, mwandishi ni yule yule:
tukaandika "ari".
Leo tumeandika "ghadhabu".
Hakuna aliyesema uongo.
Kamusi ina maneno yote mawili,
kila neno na kiti chake,
na wa kukikalia anajulikana kabla hajafika.

Mizani haina hila. Hila iko kwenye jiwe.

Tukimhoji bibi wa vitongoji vya kaskazini
tunamwita mpiga kura.
Tukimhoji jirani yangu wa Copley Road
tunamwita mpiga kura mweusi.
Mmoja ana maoni, mwingine ana rangi.
Na Purifoy kila kituo anaulizwa:
je, nchi iko tayari kwa mtu kama wewe?
Anajibu kwa adabu, mara ya arobaini, mara ya hamsini.
Sijamsikia mtu akimuuliza Hutchens
kama nchi imeshamchoka.

Miaka ishirini na sita nimekaa hapa.
Mkutanoni wakibanwa wanasema: lakini Verlene alikuwepo,
Verlene aliiona, Verlene hakulalamika.
Mimi ndiye muhuri wao.

Sasa nikwambie lililo langu.

Wino wa mtambo wetu ulipimwa zamani
kwa mashavu ya watu wa aina ya Gorecki.
Uso mweusi usipouinua kwa mkono
ukifika karatasini unazama,
macho mawili na meno, basi.
Kwa hiyo huwa nauinua. Alama kumi na mbili, kimyakimya,
kila usiku, kila uso:
maharusi, wacheza mpira, marehemu.
Hakuna aliyenituma, hakuna aliyewahi kujua.

Usiku huu kidole kiko juu ya kitufe
na nasikia sauti, si ya Gorecki, ni yangu:
watasema unampendelea.
Watasema, ndugu kwa ndugu.
Kwa Hutchens ningeinua bila kuwaza,
wala isingeitwa upendeleo; ingeitwa kazi.

Nauondoa mkono.
Picha inakwenda kama ilivyo.
Kama ilivyo! Maneno gani hayo.

Saa moja asubuhi simu inalia, mama.
"Verlene, nani kampiga picha huyu mtoto wa watu?
Wamemfanya kama anayetafutwa na polisi."
Nasema sijui, mama. Nasema labda ni wino.
Kimya. Nasikia mkasi wake ukitafuna karatasi.
Ana miaka themanini na moja, hukata kila gazeti lenye Purifoy
na kubandika mlangoni mwa friji.

Jumapili nakwenda kula kwake, naiona.
Amekata neno letu lote, na kidole, na ukumbi,
umebaki uso peke yake,
na juu ya shavu, kwa penseli nyeupe ya kushonea,
ameuwashia mwanga.

Kachora vibaya. Mkono unamtetemeka.
Nasimama pale na glasi ya maziwa
mpaka ananiuliza kama friji imeharibika.