Mkanda Hautawashwa Leo

Vua viatu hivyo vya mbio, Musobo,
vilivyofuliwa jana na bado vibichi.
Mkanda hautawashwa leo.

Najua. Umeteremka kutoka Kapchorwa gizani
hadi Mbale, na kabla ya salamu
ukaniambia mlangoni:
"Binti, mimi nilipanda milima na gunia la viazi,
napiga mluzi. Mashine yako hii
itachoka kabla yangu."
Nikacheka. Kisha nikakusikiliza kifua.

Pana sauti mle, mzee,
kama upepo kwenye tundu la ufunguo.
Vali yako ni mlango uliovimba kwa masika:
damu inapita kiubavu,
mmoja mmoja, kama watu wa dirisha la dawa.
Ukikimbia, miguu itadai,
na mlango hautaongeza
hata upana wa unyoya.

Ndiyo maana nilikuuliza
kuhusu siku uliyoanguka shambani.
"Jua tu," ukasema.
Yapsoyekwo, mkeo, akatazama sakafu.
"Siku ile," akasema, "kulikuwa na ukungu."

Kipimo hiki huujua moyo kwa kuuchokoza.
Ipo mioyo ya kuchokozwa,
na ipo ya kupitwa kwa kunyata:
uliopigwa na shambulio juzi tu,
uliovimba kwa homa,
unaouma mwenyewe akiwa ameketi, anamenya ndizi.
Na wako.

Sikukwambia habari za mwalimu wa Bududa.
Nilikuwa mgeni kazini, foleni ndefu,
nikasoma karatasi, kifua sikukisikiliza.
Dakika ya tatu.
Hadi leo naijua rangi ya soksi zake.

"Basi nifanye nini," unauliza, "nikae?"
Kaa. Lala kwa ubavu wa kushoto.
Mafuta haya ni baridi, nisamehe.
Tazama kwenye kioo: ule ndio wenyewe.

Umenyamaza.
Umesogeza uso karibu
kama anayemtafuta mtu wa kwao kwenye picha ya shule.
"Kumbe unakimbia," unasema,
"na mimi nimelala."

Nimeandika barua ya Kampala, kwa wapasuaji,
nimepigia mstari neno *haraka*.
Nauli tutazungumza.

Dirishani nawaona mkishuka ngazi,
wewe ukishika ukuta, ukijifanya huushiki,
Yapsoyekwo mbele, hatua moja tu mbele,
na viatu, vimefungwa kwa kamba zake,
vinaning'inia shingoni mwake.